Fundi wa Saa Aliyebeba Kinanda Begani: Maisha ya Mwenye Jina Lililo Kwenye Kibodi Yako

Ukikutana na kibodi ya Yamaha, hata ile ndogo kabisa ya kujifunzia, angalia pale penye jina. Kando ya maandishi kuna kiduara, na ndani yake vijiti vitatu vimepishana. Wengi hufikiri ni nyota au propela. Hapana. Ni vyuma vitatu vya kupimia sauti, vile vyenye umbo la uma wa meno mawili. Ukigonga kimoja kinatoa noti moja safi, na noti hiyo haibadiliki leo wala kesho. Fundi wa ala huisikiliza, kisha anarekebisha chombo chake hadi kilingane nayo.

Kampuni nyingi huchora simba, farasi au tai. Hii ilichora kifaa cha kukuambia kama uko nje ya noti. Kuna sababu, na sababu yenyewe ni maisha ya jamaa mmoja aliyeitwa Torakusu Yamaha.

Ndiyo, Yamaha ni jina la mtu. Hapa Lodwar tumelizoea kwenye pikipiki, na ukienda Kalokol utalikuta kwenye injini za boti ziwani. Lakini yeye mwenyewe hakuwahi kutengeneza pikipiki hata moja. Alifariki mwaka wa 1916, na kampuni ya pikipiki ilianzishwa 1955, karibu miaka 40 baadaye. Yeye alitengeneza vinanda. Tena alianza na kinanda cha bei nafuu, kwa ajili ya watu ambao hawangeweza kununua kile cha bei ghali.

Nimeamua kumwandika kwa sababu kuna maneno nimechoka kuyasikia, kuanzia Lodwar mjini hadi Kakuma. Ati kibodi ndogo ni kitu cha kuchezea watoto. Ati kama hujapata ile kubwa ya pesa ndefu, bora usianze. Sasa keti nikupe stori ya huyu mzee, halafu uamue mwenyewe.

Mtoto wa samurai asiye na kazi ya samurai

Torakusu alizaliwa mwaka wa 1851, katika eneo la Kii, ambalo leo ni mkoa wa Wakayama nchini Japani. Familia yake ilikuwa ya tabaka la samurai, lakini usiwaze zile filamu za mapanga. Baba yake alikuwa mtu wa hesabu. Alimtumikia mtawala wa eneo lao katika mambo ya elimu ya nyota, kwa hivyo kijana alikulia kwenye nyumba yenye vitabu na vyombo vya kupimia. Macho yake yalizoea vitu vidogo vinavyozunguka na kushikana mapema sana.

Alipokuwa barobaro, dunia yao ilipinduka. Mwaka wa 1868 utawala wa zamani ulianguka, mfalme Meiji akashika usukani, na serikali mpya ikaanza kukimbizana na Ulaya na Marekani kwa kila kitu: reli, shule, jeshi, hospitali. Ndani ya miaka michache samurai walipoteza vyeo vyao na posho zao. Hebu fikiria umezaliwa ukijua kazi yako ni ipi, halafu unafika miaka ya 20 unaambiwa kazi hiyo haipo tena. Vijana wengi wa hapa tunaelewa hali hiyo bila kufafanuliwa.

Torakusu alienda Nagasaki, mji wa bandari ambako wageni kutoka Ulaya walikuwa wakifanya biashara kwa muda mrefu, akajifunza ufundi wa saa. Saa za Kizungu zilikuwa teknolojia ya juu wakati huo, kama simu za leo. Alitamani kuishi kwa kazi hiyo, lakini mtaji haukumruhusu. Akageukia vifaa vya hospitali, akajifunza kuvikarabati pia. Mwaka wa 1884 kazi hiyo ikamleta Hamamatsu, mji mdogo katika mkoa wa Shizuoka. Hakwenda kwa sababu ya muziki. Alikwenda kwa sababu hospitali ilikuwa na vyombo vibovu na hapakuwa na mtu mwingine wa kuvitengeneza.

Mimi mwenyewe niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo sehemu hii ya maisha yake huwa naisoma polepole. Huyu jamaa hakuwa na cheti cha muziki. Alikuwa fundi wa mjini, yule ambaye kitu chochote kikikwama watu wanasema apelekewe yeye. Kila mtaa wa Lodwar una mtu kama huyo, na kule Kakuma pia wapo, wamekaa na visikrudraiva vyao kando ya barabara, wanafungua simu, redio na taa za sola.

Springi mbili

Mwaka wa 1887 mambo yakageuka. Shule moja ya msingi pale Hamamatsu ilikuwa na kinanda kilichotoka Marekani. Hakikuwa cha umeme, umeme wenyewe ulikuwa haba. Kilikuwa kile cha upepo: unakanyaga pedali kwa miguu, mvukuto unasukuma hewa, hewa inapita kwenye vipande vyembamba vya chuma, navyo vinatetemeka na kutoa sauti. Kwa shule ilikuwa mali ya fahari. Serikali ilikuwa imeanza kuleta nyimbo mashuleni, na shule yenye kinanda ilionekana imeendelea.

Sasa kinanda kikaharibika. Hakuna aliyejua kukitengeneza. Mkuu wa shule akamwita yule fundi wa vifaa vya hospitali.

Torakusu alikuwa na miaka 36. Alikifungua, akakiangalia, akagundua tatizo. Springi mbili tu zilikuwa zimevunjika. Kitu kizima cha bei ghali, kilichovuka bahari, kilikuwa kimenyamaza kwa ajili ya springi mbili.

Fundi wa kawaida angezibadilisha, achukue pesa yake, aende. Yeye alichora. Alichora sehemu za ndani moja baada ya nyingine, kwa wiki kadhaa, mpaka akaelewa jinsi chombo chote kinavyofanya kazi. Inasimuliwa kwamba alipiga hesabu: kinanda kama hicho kilinunuliwa kwa yeni 45, pesa nyingi sana wakati huo, naye akaona anaweza kutengeneza chake kwa takriban yeni 3.

Hesabu hiyo ndiyo moyo wa stori yote. Kama kinanda ni yeni 45, ni shule chache tu zitakuwa nacho, na watoto wa shule nyingine wataimba bila chombo au hawataimba kabisa. Kikishuka bei, hata mtoto wa kijijini atasikia noti sahihi. Wajapani hawakukosa watoto wenye vipaji vya muziki. Walikosa kinanda ambacho shule ya kawaida ingeweza kununua.

Kilomita 250 kwa miguu

Torakusu hakufanya kazi peke yake. Alimtafuta fundi mwenzake wa pale mjini, Kisaburo Kawai, aliyekuwa mtaalamu wa kutengeneza mapambo ya chuma. Wawili hao wakajifungia, wakatafuta vifaa walivyoweza kupata, na baada ya miezi miwili hivi kinanda chao cha kwanza kikawa tayari.

Waliokijaribu pale karibu hawakufurahi. Kilionekana kinanda, lakini masikio yalikataa. Basi wakaamua kukipeleka kwa wataalamu wenyewe, katika chuo cha muziki cha serikali kule Tokyo.

Shida ni kwamba reli ya kuunganisha Hamamatsu na Tokyo ilikuwa bado haijakamilika. Ilikamilika 1889. Kwa hivyo wakakifunga kinanda kwenye mti, mmoja akashika mbele na mwingine nyuma, wakaweka mabegani na kuanza kutembea. Safari ilikuwa ya takriban kilomita 250, na katikati yake kuna milima ya Hakone, ambayo hata leo watu huikumbuka kwa kona na mwinuko.

Tuweke hapa kwetu. Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 120. Sasa chukua wewe na rafiki yako, mbebe sanduku zito la mbao begani kutoka Lodwar hadi Kakuma, halafu mgeuze mrudi nalo Lodwar. Hiyo ndiyo safari yao, na bado sijaongeza milima. Wale wanaojua barabara ile kabla ya lami, jinsi lori lilivyokuwa likikwama lagani mvua ikinyesha kule juu, wanaweza kuhisi kidogo uchovu wa wale wawili.

Walipofika, kinanda kilikaguliwa na watu wa Shuji Izawa, mkurugenzi wa chuo hicho. Izawa alikuwa amesomea ualimu Marekani na ndiye aliyesimamia kazi ya kuingiza nyimbo katika shule za Japani. Hukumu ikatoka: umbo ni zuri, lakini sauti hazijapatanishwa. Noti hazilingani. Kinanda hakifai.

Kilomita zote hizo, halafu unaambiwa hivyo.

Hapa ndipo ninapompendea huyu mzee. Hakubishana. Hakusema kwamba wanamwonea kwa sababu ametoka mji mdogo au kwa sababu kinanda chake ni cha bei ya chini. Makosa yalikuwepo kweli, na yeye hakuwa na elimu ya muziki ya kuyasikia. Izawa naye hakumfukuza. Alimkubalia abaki Tokyo na kuhudhuria masomo ya chuo. Kwa muda wa mwezi mmoja hivi, fundi wa miaka 36 alikaa akijifunza nadharia ya muziki na namna ya kupatanisha noti kwa kutumia kile chuma chenye umbo la uma.

Sasa unaelewa nembo. Mwaka wa 1898, kampuni yake ilipochagua alama ya kujitambulisha, ilichagua chuma kile kile. Kila kibodi ya Yamaha unayoiona ina alama ya lile somo ambalo mwanzilishi alilipata baada ya kuambiwa kazi yake haifai.

Kinanda cha pili

Torakusu alirudi Hamamatsu akaanza upya pamoja na Kawai. Kinanda cha pili kikapelekwa kukaguliwa, na safari hii kikapita. Izawa aliridhika kwamba kinaweza kuchukua nafasi ya vile vilivyokuwa vikiagizwa kutoka nje.

Biashara ikaanza. Mwaka wa 1888 alikuwa na karakana, na kufikia 1889 kampuni ilikuwa na wafanyakazi wapatao 100 na ilikuwa ikitoa vinanda 250 kwa mwaka. Lakini usidhani barabara ilinyooka. Mapema miaka ya 1890 wenye mtaji walijitoa, kampuni ikavunjika, naye akalazimika kuisuka tena. Mwaka wa 1892 vinanda 78 vilisafirishwa kwenda Kusini Mashariki mwa Asia. Yule mtu aliyekuwa akitengeneza chombo kilichotoka ng'ambo sasa alikuwa akiuza vyake ng'ambo.

Mwaka wa 1897 aliandikisha kampuni kubwa zaidi kwa jina la Nippon Gakki, maana yake Ala za Muziki za Japani, kwa mtaji wa yeni 100,000. Jina hilo lilidumu hadi 1987, kampuni ilipotimiza miaka 100 tangu ile siku ya springi mbili na kubadilishwa kuitwa Yamaha rasmi.

Halafu akataka piano. Piano ni mnyama mwingine: nyaya nyingi zilizovutwa kwa nguvu kubwa, fremu ya chuma, nyundo ndogo ndogo, mbao zilizokaushwa kwa uangalifu. Mwaka wa 1899 alisafiri kwenda Marekani kwa miezi kadhaa, akatembelea viwanda, akaangalia, akauliza, akanunua mashine na vipuri. Mwaka uliofuata kampuni yake ikatoa piano yake ya kwanza ya kusimama, na 1902 ikatoa ile kubwa ya kulala. Mwaka wa 1904, kwenye maonyesho ya dunia ya St. Louis kule Marekani, piano na kinanda vya Yamaha vilipata tuzo. Ilikuwa miaka 17 tangu aambiwe Tokyo kwamba noti zake hazilingani.

Hata alipofika juu, kampuni haikuacha vitu vidogo. Mwaka wa 1914 ilianza kutengeneza hamonika, ile ala ya mdomo unayoweza kuitia mfukoni. Torakusu alifariki Agosti 8, 1916, akiwa na miaka 65.

Mji aliouacha si ule alioukuta. Koichi Kawai, kijana mwingine wa Hamamatsu aliyeingia kwenye karakana yake akiwa bado mtoto, alianzisha kampuni yake ya piano mwaka wa 1927, na hadi leo Kawai ni jina kubwa. Usimchanganye na Kisaburo Kawai, yule wa mti wa begani. Kisaburo hajulikani na wengi, na hilo linaniuma kidogo. Mti ule ulikuwa na ncha mbili. Bila mtu wa kushika upande wa pili, kinanda kingebaki Hamamatsu na leo tusingekuwa na jina la kusoma kwenye kibodi. Kama una beshte anayekusaidia kubeba spika kila Jumapili, mheshimu.

Kutoka kinanda cha upepo hadi kibodi ya betri

Torakusu hakuishi kuona kinanda cha umeme. Kampuni yake ilitoa kinanda chake cha kwanza cha kielektroniki, Electone, mwaka wa 1959, lakini hicho kilikuwa fanicha ya sebuleni ya watu wenye uwezo. Kibodi ya mtu wa kawaida ilifika miaka ya 1980. Casio, kampuni ya ndugu wa ukoo wa Kashio waliokuwa wakijulikana kwa vikokotoo, ilitoa Casiotone 201 mwaka wa 1980. Miaka hiyo hiyo Yamaha ikaleta vibodi vyake vidogo vya PortaSound, vya kubebwa mkononi na kutumia betri.

Wataalamu walicheka. Vitufe vidogo, spika ndogo, mdundo wa kopo. Lakini sikiliza kilichotokea Jamaica. Mwaka wa 1985 Wayne Smith na prodyuza King Jammy walitoa Under Mi Sleng Teng. Mdundo wake ulitoka kwenye Casiotone MT-40, kibodi ndogo ya 1981, kwa kubonyeza mdundo uliokuwa umewekwa tayari kiwandani. Aliyeutengeneza mdundo huo ni Hiroko Okuda, binti aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia kazini Casio. Reggae iligeuka kuanzia hapo, ikaingia zama za kidijitali, na madansa yake bado yanapigwa kwenye matatu za Kenya. Yote hayo kutoka kwa kibodi ambayo mtu angesema ni ya watoto.

Hapa kwetu, kibodi ya namna hiyo imefanya kazi ambayo hakuna piano ingeiweza. Ukitembea Kakuma Jumapili asubuhi, katika ile kambi iliyoanzishwa 1992 na mtaa wa Kalobeyei uliofuata 2016, utasikia nyimbo kwa Kiswahili, Kiarabu, Kidinka, Kirundi, Kiamhari na lugha nyingine ambazo huwezi hata kuzitaja. Ni zaidi ya watu 200,000 kutoka nchi nyingi. Kila kanisa na kwaya yake, na mara nyingi katikati kuna kibodi moja, spika moja na betri ya sola. Sisi Waturkana tuna edonga, ambapo miguu na koo ndizo ala na hakuna haja ya waya. Lakini kijana akitaka kuchanganya edonga na rumba, au kumsindikiza mwimbaji kutoka Kongo, atatafuta kibodi.

Ile niliyojifunzia mimi ilikuwa ya kanisa, hapa Lodwar. Ilikuwa na vitufe vitatu vilivyokufa, na mtu alikuwa ameandika majina ya noti kwa peni juu ya plasta nyeupe. Watoto wote tulitaka kubonyeza ile wimbo wa maonyesho iliyo ndani, tukae mbele na kusogeza vidole kama sisi ndio tunaopiga. Betri zikiisha tulizianika juani ili zitupe dakika chache zaidi, na jua la Lodwar halina ubahili. Nilipofika kwenye vitufe vilivyokufa nililazimika kuruka au kutafuta noti nyingine inayofaa. Bila kujua nilikuwa najifunza kodi. Nikajifunza pia siri ya wapiga kibodi wengi wa kanisani: kupiga kila kitu kwa C, halafu kubonyeza kitufe cha transpozi mwimbaji akianzia mahali pengine. Wanaojua muziki hucheka, lakini ibada haisimami.

Kwa nini ndogo inatosha kuanzia

Tumpe Torakusu heshima yake kwa kuongea kama mafundi. Kibodi nafuu ina faida gani hasa kwa anayeanza?

Kwanza, haitoki kwenye noti. Jambo lililomwangusha Torakusu Tokyo, kibodi yako ya kielektroniki imeshalimaliza. Sauti zinatoka kwenye chipu. Piano ya mbao kwenye joto na ukavu wa Turkana ingetaka fundi wa kuipatanisha kila mara, na mbao zenyewe zingepasuka. Kibodi ya plastiki inaamka asubuhi ikiwa na noti zile zile za jana.

Pili, inabebeka na haitegemei umeme wa ukutani. Nyingi za kujifunzia, kama zile za PSR-E, hutumia betri sita ndogo za AA au adapta. Unaifunga kwenye bodaboda, unaenda nayo mazoezini, unarudi nayo.

Tatu, ina tundu la hedifoni. Kwenye nyumba za mabati zilizokaribiana, hilo linakuepusha na kesi za majirani. Unaweza kurudia skeli moja mara 100 saa nne usiku na hakuna atakayekugongea mlango.

Nne, vitufe 61, yaani oktava tano, vinatosha nyimbo karibu zote za kanisa, za rumba na za bongo. Kama pesa inaruhusu, tafuta yenye vitufe vya ukubwa wa kawaida na vinavyohisi nguvu ya kidole, ili ukigusa polepole isikike polepole. Kama hairuhusu, chukua ile isiyohisi. Utajifunza kodi, skeli na muda kwa namna ile ile. Vitufe vidogo sana vya kitoto navyo si haramu, ila mkono wa mtu mzima utabanwa na itabidi uzoee upya baadaye.

Tano, nyingi za siku hizi zina USB. Unaunganisha na kompyuta, unarekodi biti zako. Studio inaanzia kitandani.

Mapungufu yapo na lazima yasemwe. Vitufe ni vyepesi, kwa hivyo aliyezizoea akikaa kwenye piano halisi vidole vinachoka haraka. Midundo iliyomo ndani inaweza kukufanya mvivu, usijue kushika muda mwenyewe. Mara moja moja zima mdundo, piga na mguu wako.

Na moja la kuokoa pesa: usiazime adapta ovyo. Za vibodi vidogo vya Yamaha kwa kawaida ni volti 12 na chanya iko katikati ya pini. Casio nyingi za zamani zilitumia volti 9 na katikati ni hasi. Pini zinaweza kuingia, lakini ukikosea unaweza kuichoma. Soma alama iliyochorwa karibu na tundu kabla ya kuchomeka.

Zile zilizo stoo

Nimebakiza jambo moja, na ndilo lililonifanya nikae chini kuandika haya yote.

Lodwar na Kakuma zimejaa vibodi vilivyonyamaza. Viko stoo za makanisa, nyuma ya kabati za shule, chini ya vitanda. Kila mtu anasema vimekufa, na watoto wanangoja kibodi mpya itoke Nairobi au kwa mfadhili. Wengine wamengoja mpaka wamemaliza shule.

Ukweli ni kwamba vingi havijafa. Chini ya kila kitufe kuna kipande cha mpira chenye doa jeusi linalogusa bodi ya umeme. Vumbi likiingia hapo, na vumbi letu unalijua, kitufe kinanyamaza. Unafungua skrubu za chini, unanyanyua ukanda wa mpira taratibu, unapangusa madoa na bodi kwa kitambaa safi kisicho na nyuzi na spiriti kidogo, unaacha vikauke, unarudisha. Kama haiwaki kabisa, angalia vyuma vya betri vilivyoota kutu ya kijani, vikwangue. Angalia tundu la adapta, mara nyingi risasi yake imeachia tu na fundi wa simu anaweza kuichomea kwa dakika chache. Chomoa umeme na utoe betri kabla ya kugusa chochote, na upige picha kwa simu kila hatua ili ujue kila skrubu ilitoka wapi.

Kile kinanda cha Hamamatsu kilikuwa na springi mbili tu zilizovunjika. Shule nzima ilikuwa imenyamaza kwa ajili yake, mpaka fundi mmoja asiyejua muziki akafungua kifuniko kuangalia. Wiki hii ulizia kanisani kwenu au shuleni ulikosoma kama kuna kibodi imewekwa stoo. Omba ruhusa, mchukue rafiki mmoja awe Kisaburo wako, mtafute fundi wa simu wa mtaani, mfungue kifuniko. Mkiiamsha, mpeni mtoto wa kwanza atakayesimama pale mlangoni kuchungulia.